Nywele Zilizo Njiani



Wapenzi wasomaji, juma hili nawaomba tulitazame jambo ambalo mabarazani petu huchukuliwa kwa mzaha, ilhali ndani ya nyumba limekuwa likitia uhasama baina ya baba na mwana. Nakusudia nywele za vijana wetu wa kiume. Wala sisemi zile ndefu zilizokwisha kufika mabegani zikatulia, bali zile zilizo njiani: zimekwisha kupita kiasi cha kuitwa fupi, na hazijafika kiasi cha kulala zikichanwa. Zinasimama juu ya masikio, zinabenuka kisogoni, na upande mmoja hauafikiani na mwenziwe. Kila anayepita ana neno la kusema, na mwenyewe akijitazama kwenye kioo hana jawabu.

Sababu ya kulitaja ni safari niliyoifanya Embu mwezi wa Julai. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja, anasoma chuo kikuu huko. Usiku mmoja baada ya Isha dada alinipigia simu akilia. "Kaka," akaniambia, "babake amesema asiikanyage nyumba hii mpaka anyoe. Na mtoto naye amejibu kwamba basi haji. Wewe ndiwe mjomba wake. Nenda ukamwone kabla hawajasemezana maneno yasiyorudi."

Niliahidi kwenda. Na nakiri mbele yenu kwamba nilipokuwa nikifunga mkoba wangu, nilitia mkasi ndani yake. Hukumu nilikwisha kuitoa nikiwa Mombasa, kabla sijamwona mshtakiwa.

Anayetoka pwani akaenda Embu hupita Nairobi na Thika, akavuka mashamba ya mpunga ya Mwea, kisha gari likaanza kupanda kuuelekea Mlima Kenya. Julai huko ni mwezi wa baridi na manyunyu. Nilimkuta kijana amenisubiri stendi, akanipokea mkoba na kuubusu mkono wangu kama alivyolelewa. Kichwani alikuwa amevaa kofia nzito ya sufu iliyoshuka mpaka kwenye nyusi. Nikasema moyoni, ni baridi. Tulipofika chumbani kwake akaendelea kuivaa. Tuliposimama kuswali Adhuhuri bado anayo. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi ni mjombako. Ivue nikuone."

Akaivua. Ilikuwa ni miezi minane tangu anyoe mara ya mwisho. Nywele za huyu kijana ni za mchanganyiko, kama za wengi wetu wa pwani: utosini zina mawimbi, na kisogoni zimejikunja. Zilikuwa zimeshikana kwa unyevu wa ile kofia na zina harufu ya kitu kilichofungiwa. Nikamwuliza ameziosha lini. Akainamisha uso, akasema maji ya huku ni ya mlimani, asubuhi yanauma mpaka kwenye mifupa, basi siku hizi anajimwagia mwili na kichwa anakiacha. Nikamwuliza juu ya msikiti. Hapo ndipo aliponyamaza kabisa. Baadaye akanieleza kwamba majuma sita nyuma, mzee mmoja alimwambia mbele ya safu kwamba nyumba ya Mwenyezi Mungu si mahali pa wahuni. Tangu siku hiyo alikuwa akiswali chumbani peke yake, na Ijumaa mbili zilikuwa zimempita.

Nilitahayari, ndugu zangu. Nilikwenda na mkasi kwa ajili ya nywele, nikakuta kilichokatika ni kamba ya kijana na msikiti wake.

Usiku ule, baada ya Maghribi, tuliketi tukazungumza kwa utaratibu. Nilianza kwa kumwuliza nia yake. Hakunificha. Alisema kwanza alipenda tu, kwa kuwaona wachezaji wa mpira. Kisha akasoma katika vitabu vya sifa za Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, kwamba alikuwa na nywele za kufika mabegani, na tangu hapo akawa anajibu kila anayemlaumu kwamba yeye anafuata sunna. Nikamwambia: jibu hilo ni zito, basi lazima tujue lina nini ndani yake.

Ni kweli kwamba Mtume alifuga nywele. Waliomsifu wamehitilafiana katika urefu wake: wapo waliosema zilifika nusu ya masikio, wapo waliosema zilifika ndewe, na wapo waliosema ziligusa mabega. Wanazuoni wakaafikianisha riwaya hizi kwa kusema kila mmoja alisimulia aliyoyaona wakati wake. Waarabu hata wana majina mbalimbali ya viwango hivyo: wafra ni zile zinazofika kwenye ndewe, limma ni zile zilizozipita ndewe, na jumma ni zile zinazofika mabegani. Yaani hizo zilizo njiani, ambazo sisi tunazionea haya, zina jina lake la heshima.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hatulizingatii. Mtume alinyoa kichwa chote Hudaybiya katika mwaka wa 6 Hijria, na alinyoa tena Mina katika Hija ya Kuaga, tarehe 10 ya Mfungo Tatu mwaka wa 10. Aliiaga dunia katika Mfungo Sita wa mwaka wa 11. Hesabuni wenyewe: ni miezi mitatu. Basi naye, bwana wa viumbe, nywele zake zilipita katika kipindi hiki cha kukua upya zaidi ya mara moja. Wala haikupokewa kwetu kwamba aliwahi kuonekana katika hali ya kukirihisha. Kinyume chake, imethibiti kwamba alipokuwa katika itikafu alikuwa akitoa kichwa chake kutoka msikitini, na mkewe Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, akimchana akiwa chumbani kwake. Ibada ya itikafu yenyewe haikuwa udhuru wa kuziacha nywele zikashikana. Itakuwaje baridi ya Embu iwe udhuru?

Nikamsomea pia maana ya yale yaliyopokewa na Abu Daud, kwamba mwenye nywele ameamrishwa kuzikirimu. Na kwamba Mtume alimwona mtu aliyetimka nywele akastaajabu kwamba hakupata hata kitu cha kuzilaza. Na Imam Malik amepokea katika Muwatta habari za Abu Qatada, swahaba aliyekuwa na nywele za mabegani, ambaye baada ya kuusiwa kuzikirimu, huenda akazipaka mafuta mara mbili kwa siku. Na Imam Ahmad bin Hanbal alipoulizwa kuhusu kufuga nywele, alisema kwamba ni sunna, na kwamba lau wangeiweza wangeifanya, lakini ina mashaka na gharama. Tazameni: imamu mkubwa kiasi kile anaiona kazi ya nywele kuwa nzito, na sisi kijana wetu anaidhania ni kazi ya kukaa tu bila ya kwenda kwa kinyozi!

"Sasa," nikamwambia, "urefu unao, lakini sehemu ya sunna iliyo ngumu umeiacha kwenye hiyo kofia ya sufu."

Alicheka kidogo, akasema, "Mjomba, umenishika."

Asubuhi yake nilizungumza na mwenye nyumba, mzee wa Kiembu aliyekwisha kupita miaka sabini, Mkristo, mwenye adabu na subira. Nilimwuliza kama kijana wetu anamsumbua. Akasema, "Hapana, Shehe, ni kijana mzuri. Lakini mwambie ajue nchi aliyomo." Kisha akanieleza jambo lililonifundisha. Katika miaka ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, watu wa Embu waliondolewa mashambani wakawekwa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na miba, na waliobaki msituni hawakuwa na wembe wala nafasi ya kunyoa. Yeye alikuwa mtoto mdogo. Siku moja usiku ami yake alitoka msituni, nywele zimemfika mabegani, na watoto wote wakakimbia. Bibi yake ndiye aliyemtambua, kwa sauti. Tangu siku hizo, alisema, watu wa umri wake wakiona nywele zilizoshikana, moyo hushtuka kabla akili haijafikiri.

Na si yeye pekee anayekumbuka. Musa Mwariama, jemadari kutoka Meru, alitoka msituni wakati wa uhuru mwaka 1963 akiwa na nywele zake ndefu. Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyekuwa na cheo cha jemadari mkuu msituni, hakuzikata nywele zake za tangu vita mpaka Aprili 2022, na mwaka uliofuata akafariki. Kwa watu hawa nywele zilikuwa ahadi. Kisha ikaja zama nyingine: kundi la Mungiki, ambalo serikali ililipiga marufuku mwaka 2002, lilijulikana pia kwa nywele za misokoto, na vijana wengi wasiohusika nalo wakatiliwa shaka kwa sababu ya vichwa vyao tu. Basi katika nchi zile za mlimani nywele hazinyamazi. Zinasema, hata kama mwenyewe hakukusudia kusema.

Nasi wa pwani tuna kumbukumbu zetu pia. Nilipokuwa chuoni, maalimu wetu alitukagua vichwa kabla ya Ijumaa, na aliyekutwa na nywele za kushikika alikwenda kukaa chini ya mwembe akinyolewa kwa wembe. Kichwa kilichonyolewa na kofia safi ndio uungwana tulioujua. Baba zetu hawakukosea. Ilikuwa ni ada njema ya usafi. Lakini ada si sharia, na mzee asimhukumu kijana kwa ada akaiita dini. Zaidi ya hayo, kunyoa kwenyewe kuliwahi kuwa alama ya kundi: hadithi zimewataja Makhawariji kwa sifa hiyo, na wanazuoni wakasema hilo halikufanyi kunyoa kuwa kubaya. Kama kunyoa hakukuharibiwa na Makhawariji, kufuga nako kusiharibiwe na wahuni.

Tena kuna jambo linalonishangaza katika nyumba zetu. Yule baba anayemfukuza mwanawe kwa nywele ndefu ana mwana mwingine aliyekata denge, pande zote zimenyolewa mpaka ngozi inang'aa na juu kumeachwa kichaka, naye husifiwa kuwa nadhifu. Hilo ndilo lililokatazwa kwa matini, nalo huitwa qaza: kunyoa sehemu ya kichwa na kuacha sehemu. Mtume alipomwona mtoto aliyefanyiwa hivyo aliamrisha ama kichwa chote kinyolewe ama chote kiachwe. Imam Nawawi ametaja kwamba ni makuruhu. Mpwa wangu aliniambia kwamba kinyozi wa mjini alimshauri hivyohivyo, kwamba akitaka kuvuka kipindi hiki kibaya anyolewe pande na juu paachwe pakue. Nikamwambia, kupunguza kwa mkasi ili pande zilingane si kunyoa, na hilo halina ubaya. Lakini wembe usipite pembeni ukaruka juu.

Sasa, kwa faida ya kila kijana aliye katika hali hii na kila mama anayemtazama kwa wasiwasi, nieleze kwa ufupi tuliyoafikiana.

Kwanza ni maji. Katika josho la janaba, maji lazima yafike kwenye mashina ya nywele na kwenye ngozi, na mashungi yaliyosukwa yasiyopitisha maji yafunguliwe. Anayeacha kichwa kwa kuogopa baridi hajaoga. Nilimnunulia sufuria kubwa ya kuchemshia maji, na nadhani fedha ile ilikuwa sadaka bora kuliko darsa langu lote.

Pili ni udhu. Sisi Mashafii twatosheka kupaka maji sehemu ya kichwa, lakini kwa sharti kwamba nywele zinazopakwa zimo ndani ya mpaka wa kichwa. Mwenye nywele fupi haimpitii shida hii. Anayefuga anaweza kupaka ncha zinazoning'inia kisogoni akadhani amemaliza, kumbe hajapaka kichwa. Apake utosini, karibu na mashina.

Tatu ni swala. Kipindi hiki nywele za mbele huanguka kwenye paji la uso, na paji ndilo la kusujudia. Azirudishe nyuma kabla ya takbira ili paji liguse chini. Na asizifunge fundo kisogoni akaswali hivyo, kwani imepokewa kwamba tusikusanye nywele wala nguo katika swala, na Ibn Abbas alipomwona mtu anaswali amezifunga nyuma, alisimama akamfungua.

Nne ni matunzo yenyewe. Nywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi, na zilizojikunja huonekana fupi kuliko urefu wake, basi anayetaka zifike mabegani ajue ni safari ya miaka, asiihesabu kwa majuma. Azioshe angalau kila Ijumaa. Azichane zingali na unyevu, kwa chanuo lenye meno mapana, aanze kwenye ncha apande kuelekea kwenye mashina. Akianza juu atazikata na ataumia. Apake mafuta ya nazi kidogo, ya kulainisha, si ya kuchuruzika kwenye kola. Aende kwa kinyozi kila baada ya miezi miwili, si kuzifupisha, bali kusawazisha ncha na kusafisha shingo, kwani shingo iliyosafishwa ndiyo inayotenganisha aliyefuga na aliyejiacha. Azitenge njia kati au upande, zijue pa kulala. Kofia ya sufu aivae barabarani kwa baridi, akifika ndani aivue zipate hewa. Na kofia yetu ya kawaida, ya viua, iliyo safi, inamsitiri vizuri kabisa mpaka siku hizo zipite.

Tano ni kusuka. Imepokewa kutoka kwa Ummu Hani kwamba Mtume aliingia Makka akiwa na mashungi manne, basi asili ya jambo si haramu. Lakini mahali ambapo kusuka ni pambo la wanawake, mwanamume ajiepushe, kwani kujishabihisha nao kumekatazwa. Kila mtu aitazame desturi ya mji wake.

Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa. Aliosha kichwa kwa maji ya moto, akachana, nami nikamsawazisha ncha za kisogoni kwa ule mkasi niliokwenda nao. Tukaenda msikitini pamoja, nikamweka kulia kwangu katika safu ya mbele. Baada ya swala yule mzee alikuja kunisalimia. Nilimtambulisha: "Huyu ni mwana wa dada yangu." Hakusema kitu, akampa mkono. Hilo lilitosha.

Ikabaki habari ya baba. Nilipompigia simu aliniambia, "Sheikh, nilikutuma ukamnyoe, sasa umekuwa wakili wake?" Nikamjibu kwamba nimekuwa wakili wa wote wawili. Kwa maana kijana nilikwisha kumwambia waziwazi: kufuga nywele ni mubaha, na waliosema ni sunna hawakusema ni faradhi, ama kumridhisha mzazi ni wajibu. Lau babako atakutazama kwa macho yake kisha akuamrishe kunyoa, utanyoa, wala usimwambie neno zito. Alikubali, ingawa niliona haikuwa nyepesi kwake. Kisha nikamwomba shemeji jambo moja tu: asitoe amri kwa kitu alichoonyeshwa katika simu. Amwite mtoto nyumbani, amtazame, ndipo aamue. Na haki ya mzazi ni amana. Asiitumie kumfunga mwana mlango, kwani mlango ukifungwa nyumbani, nje iko milango mingi iliyo wazi.

Kijana alikuja likizo ya Agosti. Nilikuwapo barazani. Babake alimtazama muda mrefu, kutoka mbele na kutoka nyuma, kama mtu anayekagua mbuzi wa kichinjo. Akasema, "Bado sizipendi." Tukanyamaza wote. Kisha akaongeza, "Lakini naona zimechanwa." Adhana ya Alasiri ikaadhiniwa, wakaondoka pamoja.

Wazazi wenzangu, mkimwona kijana aliye na nywele zilizo njiani, msimwulize kwanza atanyoa lini. Mwulizeni ameswali wapi. Nanyi vijana, msiinue jina la sunna juu ya kichwa msichokiosha. Mwenyezi Mungu azitengeneze dhahiri zetu na batini zetu, azikutanishe nyoyo za wazazi na wana wao, na atujaalie tuwe wenye kuvuta watu kuja misikitini, si wenye kuwafukuza. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.